Eda ya Bi Ruzuna

Nasra alikuja nyumbani kwangu Kiponda akiwa na sahani yake mwenyewe. Alitoka Dar es Salaam kwa boti ya asubuhi, amemaliza wiki zake za kupigwa mionzi, na ndani ya mkoba wake, pamoja na kanga na dawa, mlikuwa na sahani, kikombe na kijiko, vimefungwa kwa kitambaa. Alikaa karibu na mlango. Kitukuu changu alipomkimbilia, kwa kuwa mtoto yule humkimbilia kila aliyevaa bangili, Nasra alinyoosha mkono kumzuia. "Asije kwangu, mama mdogo," aliniambia. "Mtoto mdogo huyu." Nikamuuliza kama waliomtibu ndio waliomwambia hivyo. Akasema la, wao wamemwambia hana kitu, apakate, abusu, alale na amtakaye. Lakini wao ni watu wa hospitali, na yeye kwao alikulia akisikia mambo mengine. Mama yake, Zuhura, aliyekuwa binti wa ami yangu na ambaye tulimzika mwaka jana, hakuwahi kumsimulia habari za bibi yake ila kwa nusu: kwamba alitiwa umeme Bombay, akarudi na moto mwilini, ikabidi atengwe kwa usalama wa watoto. Mtoto aliyekuwa akikingwa ni Nasra huyu huyu. Sasa ana miaka hamsini na kitu, titi moja hana, na amejitenga mwenyewe bila ya kuambiwa na mtu.

"Wewe ulikuwepo," alisema. "Bibi alinipakata au hakunipakata?"

Siku ile nilimjibu kwa ufupi na kwa hasira, kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa na kwa sababu ile sahani ilinikera. Hapa nitasema kwa urefu. Hasira siahidi kuiacha.

Mwaka ule, katika ile miaka ya hamsini, nilikuwa na miaka kumi na minane, nimeposwa, na nikikaa kwa ami yangu Seif, hapo hapo Kiponda, katika nyumba ya ghorofa mbili yenye ngazi za mawe zilizolika katikati. Mke wa ami, Bi Ruzuna, alikuwa mwanamke wa harufu. Sijui namna nyingine ya kumweleza. Asubuhi alifukiza nguo zake udi, mchana alijipaka liwa, jioni alitunga asumini na rehani akapachika kikuba kifuani, na mtu akipanda ngazi alijua kama Bi Ruzuna kapita na kapita zamani au sasa hivi. Ndiyo maana sisi wanawake wa nyumba ile tulichelewa kujua. Uvimbe ulipomtoka kwenye titi la kushoto aliuficha; ulipopasuka ukawa kidonda, alizidisha udi. Nakumbuka nilimkuta amekiinamia chetezo, kanga imemfunika mpaka chini, moshi ukimtokea shingoni, nami nikacheka moyoni nikidhani anajipamba kwa ajili ya mumewe. Siku moja tulikuwa tunachagua mchele, Zuhura akanyanyua pua akasema kuna panya kafa mahali. Tulimtafuta panya yule nyumba nzima, chini ya vitanda na nyuma ya masanduku, na Bi Ruzuna alimtafuta pamoja nasi, akiinama na kuinuka, mkono mmoja ameubana kifuani. Mpaka leo nikikumbuka alivyoinama kutazama chini ya kitanda chake mwenyewe, nasikia uchungu.

Daktari Jayant ndiye aliyesema ukweli. Alikuwa Muhindi mzaliwa wa Unguja, mwenye zahanati yake na mashine ya kupigia picha za mifupa, mtu mfupi, mpole, aliyependa kukaa barazani na ami yangu kuzungumza bei za karafuu. Alimtazama Bi Ruzuna, akafunga mkoba wake, akateremka. Mimi na Zuhura tulikuwa kwenye kona ya ngazi, na hatukukosa hata neno. "Hapa hatuna dawa ya hiki," alimwambia ami. "Bombay wanayo. Wana madini yanaitwa radiamu, wana na mashine kubwa. Sikufichi, Bwana Seif, dawa ile inaunguza. Inaunguza kibaya na kizuri pamoja. Inaweza kumponya, inaweza kumpa muda tu, inaweza isifae kitu. Lakini ukimwacha hapa utamzika karibuni, na atakufa na harufu ile." Ami akauliza meli inaondoka lini. Neno mionzi hatukuwa nalo siku zile. Nyumbani tulisema Bi Ruzuna kaenda kutiwa umeme, kwa sababu umeme ndio uliokuwa moto pekee tuliojua usioonekana.

Yeye na ami walikaa huko miezi mitatu. Mambo ya Bombay aliyanisimulia mwenyewe baadaye, kidogo kidogo, tukila. Walimchoma sindano nyembamba za radiamu ndani ya nyama ya titi na chini ya kwapa, wakaziacha humo siku kadhaa. Siku hizo alilazwa peke yake nyuma ya kiambaza cha madini ya risasi, kizito, cha kusukumwa kwa magurudumu. Wauguzi waliingia mbio, wakamgeuza mbio, wakatoka. Wakitaka kumwuliza jambo walimwulizia mlangoni. Ami yangu aliambiwa, na mkalimani alikuwa Mkachi, Muhindi aliyekulia Unguja na Kiswahili chake safi kabisa, kwamba sindano zikiwa ndani asikae karibu naye muda mrefu, na asiletewe mtoto wala mwanamke mwenye mimba. Siku ya kuzitoa, muuguzi alizipanga kwenye trei moja moja akizihesabu kwa sauti, na Bi Ruzuna akahesabu pamoja naye kwa Kiswahili, meno yamekazwa, mpaka hesabu ya kutoka ikalingana na ile ya kuingia. Ami hakuwepo chumbani. Wanaume walikuwa wamewekwa nje. Baada ya hapo alilazwa chini ya mashine kubwa, siku baada ya siku, mpaka ngozi ya kifua ikawa nyeusi, ikachubuka, ikatoa maji.

Aliporudi, alipanda ngazi na hatukusikia harufu yoyote. Ile mbaya ilikuwa imekwisha, na hili nataka lieleweke, maana wengine nyumbani mwetu walikuja kulisahau: kidonda kilifunga. Yule mwanamke aliyekuwa akioza yu hai alirudi na kifua kikavu, kimekunjana, kibaya kukitazama, lakini kimefunga. Ile nzuri nayo ilikuwa imekwisha. Madaktari walikuwa wamemkataza kutia chochote kwenye ngozi iliyoungua, si liwa, si mafuta ya nazi, si marashi, si sabuni yenye harufu, na kwa kuwa harufu haijui mipaka aliacha vyote mwili mzima. Walimwambia avae nguo nyepesi ya pamba isiyo na rangi. Walimwambia asitoke juani. Mkono wa kushoto ulikuwa umevimba, haunyanyuki kufika kichwani. Basi fikiria mwanamke amekaa ndani, kavaa nyeupe, hana wanja, hana udi, hana asumini, hatoki. Kila mwanamke wa mjini aliyepanda kuja kumpa pole alisita mlangoni. Sote tulijua tunatazama nini. Tulikuwa tunatazama mjane, na mumewe yuko barazani anakunywa kahawa.

Bi Mkubwa, mama yake ami yangu, ndiye aliyelipa jambo lile jina. Ami alikuwa ameyarudisha makatazo yote kutoka Bombay kwa uaminifu: yale ya marashi, yale ya jua, na lile la watoto na wenye mimba, ambalo lilikuwa la wodini tu, la siku za sindano. Bi Mkubwa aliyaweka yote mkoba mmoja. Na Zuhura, mtoto wao wa pekee, alikuwa na mimba ya kwanza ya miezi mitano, na kwa desturi yetu mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Nilikuwa napeta mchele ukumbini waliposhauriana.

"Mpaka lini, mwanangu?" Bi Mkubwa aliuliza.

"Hawakunambia mpaka lini," alisema ami.

"Basi itakuwa kama eda. Atakaa chumbani mwake, na chombo chake, mpaka tuone kheri. Eda haijamuua mtu."

"Lakini, mama, mwenyewe anasema sindano zote zilitolewa. Anasema kazihesabu."

"Kazihesabu yeye, na maumivu yale? Mwengine nani kazihesabu?"

Ami mwenyewe hakuzihesabu. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sisemi Bi Mkubwa alikuwa mbaya. Aliogopa, na woga wake ulikuta njia imeshachongwa. Tulijua kumweka mwanamke ndani. Tulijua sahani ya peke yake, mkeka wake, sauti ya chini mlangoni. Lau tungelazimika kubuni adhabu ile tangu mwanzo, nadhani tungeona haya. Lakini tuliikuta tayari, ina jina zuri na ina heshima, tukamvika.

Mimi niliingia kula naye, na nitasema kweli kwa nini: samaki. Ami, kwa majuto ambayo hakuyatamka, alikuwa akimletea mkewe vipande vya nguru ambavyo sisi wa sinia kubwa hatukuviona, na Bi Ruzuna hakuwa na hamu ya kula. Siku ya kwanza nilikaa mlangoni kungoja sahani. Siku ya pili nilikaa mkekani. "Mbona unakitazama hicho kichwa cha samaki kama kina deni lako?" aliniambia. "Sogea." Nikasogea. Mkono wake wa kulia ulikuwa mzima, na alininyofolea nyama ya shavu, iliyo tamu kuliko zote, akaniwekea upande wangu wa sahani, kama mama anavyomfanyia mtoto. Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilikuwa sijafanyiwa hivyo kwa muda mrefu. Baada ya hapo nilikwenda hata siku za mchicha. Chumba chake kilikuwa na dirisha linalotazama ukuta wa jirani, kitanda cha besera, chenye nguzo na pazia juu, ambacho ami hakulalia tena, na kabati lenye chupa za marashi alizopanga zikiwa zimefungwa. Tukimaliza kula alikuwa akizitazama. Aliniambia kuungua anaweza kukustahamili, hata ule mkono, lakini akiamka usiku na asijinuse mwenyewe, hujiuliza ni nani huyu aliyelala hapa.

Zuhura alikuwa akija mpaka katikati ya ukumbi. Mama yake alikaa ndani kwenye mkeka, yeye alisimama nje na tumbo lake, na walizungumza wakiwa na hatua kadhaa baina yao. "Umekula, mwanangu?" "Nshakula, mama." "Miguu haijavimba?" "Kidogo." "Lala ukiinyanyulia mto." Mara nyingine Zuhura alilia, mara nyingine alikasirika, akasema kwa nini hukusema mapema, ungesema mapema haya yasingekuwa. Bi Ruzuna hakuwa na jambo jingine alilolitaka duniani, na hili kila mtu alilijua: alitaka kumpokea mjukuu wake, amkande binti yake, amfunge tumbo, ampikie uji wa pilipili manga, amtoe arobaini. Aliposhuka melini alikuwa ameshaanza kuhesabu miezi. Nadhani ndiyo maana alikubali kuchomwa zile sindano.

Daktari Jayant alikuja kumtazama, akakuta hali ile, na siku hiyo nilimwona mtu mpole akighadhibika. Aliomba maji. Nilipoleta gilasi ya wageni aliikataa, akaenda chumbani kwa Bi Ruzuna, akachukua kikombe chake kilichokuwa na maji nusu, akarudi nacho ukumbini na kuyanywa mbele ya ami, na mbele ya Bi Mkubwa aliyekaa nyuma ya pazia, amejitanda kanga. "Shikamoo, Bi Mkubwa," alisema. "Nakuona unanitazama." "Marahaba, daktari." "Huyu mama hana kitu mwilini. Radiamu iliingia, ikatoka. Mashine ilimuunguza ikiwa inawaka. Sasa iko Bombay, yeye yuko hapa. Mleteeni binti yake. Mtoto akizaliwa, mpeni ampakate."

Bi Mkubwa hakubishana naye. Aliuliza kwa adabu kabisa, "Na vidole vyako, daktari, vina nini?"

Sote tuliviona. Tulikuwa tukiviona miaka yote na hakuna aliyewahi kuuliza. Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vyeusi, vikavu, vimepasuka kama ngozi ya kisigino, kucha zimeliwa nusu. Alivitazama mwenyewe kabla ya kujibu, na nilijua kwamba atasema kweli na kwamba kweli ile itatuponza. "Hii ni kazi ya picha," alisema. "Ujana wangu nikiwashika wagonjwa mbele ya mashine, wasitikisike. Sikuvaa glovu. Mashine ikiwaka inaunguza, Bi Mkubwa, sikatai. Ikizimwa haiunguzi. Mgonjwa hageuki mashine." Maneno mazuri, na yote sahihi; leo naweza kuyarudia neno kwa neno. Lakini hakuna aliyeyasikia. Pale ukumbini kila jicho lilikuwa kwenye vidole. Ami alisema, "Ndiyo, daktari. Tumefahamu, daktari." Akaletewa kahawa na halua, akasindikizwa mpaka mlango wa chini, akashukuriwa sana. Hakuna kilichobadilika. Lau mtu angembishia, angekaa akabishana mpaka ashinde. Lakini utambishia nani, watu wote wamekukubalia?

Habari za mimi kula chumbani kule zilifika kwa wachumba. Mama wa bwana harusi alikuja na shoga yake, wakakaa sana, wakasifu kahawa, wakasema wanaona kheri mambo yasubiri kidogo, maana mwari akae kwanza na utulivu wake. Baada ya wiki chache mambo yakawa hayasubiri tena, yakawa hayapo. Kisa chenyewe kilinifikia kwa njia ya jikoni: umeme unakausha kizazi, na mimi nimekuwa nikitia mkono sahani moja na mwenye umeme. Bi Mkubwa alinikalisha kitako akanitaka niache. Nililia siku mbili, kwa aibu zaidi kuliko kwa mapenzi, kisha nikarudi mkekani, kwa kuwa sasa hapakuwa na cha kuharibika tena. Nilikuja kuolewa na mtu mwingine, fundi wa saa, nikazaa watoto saba. Kila nikijifungua nilitamani kupeleka salamu kwa mama wa yule mchumba wa kwanza, lakini nilipofika mtoto wa tatu alikwishakufa.

Zuhura alijifungua chumba cha pili, ukuta mmoja na mama yake. Mama mkwe wake, Bi Mize, alikuwa ametoka Makunduchi kuja kufanya kazi ambayo haikuwa yake, na aliifanya vizuri, mikono yake ni myepesi, hakuna wa kumlaumu. Mimi nilikaa na Bi Ruzuna. Alikuwa ameegemea ukuta, si kwa mgongo bali kwa sikio. Kila Zuhura alipougulia, yeye alisema polepole, "Asisukume sasa. Mwambieni asisukume sasa," na hakuna aliyemsikia ila mimi, na nilipotoka kwenda kusema, mlangoni pale walinirudisha kwa kuwa nimetoka kwake. Mtoto akalia. Bi Ruzuna alisema alhamdulillahi, akaniuliza ni mwanamke au mwanamume, nami sikujua. Tulikaa tukingoja mtu aje kutwambia. Alikuja ami, amesimama mlangoni, machozi yanamtoka. "Mwanamke," alisema. "Amefanana na wewe." Kisha akaondoka haraka, maana alijua ataombwa nini.

Bi Ruzuna alikuwa amemshonea mtoto kikofia, kwa mkono mmoja, kitambaa kikishikwa na magoti. Walikipokea kwa kijiti. Nimesema kwa kijiti, na sikukosea. Wakakianika juu ya paa siku nyingi ili jua likitoe umeme, kikapauka, na mvua ya vuli ikakikuta huko huko. Mtoto hakukivaa. Siku ya arobaini alitolewa na kikofia cha kununua dukani, na siku iliyofuata Bi Mize akaondoka naye na Zuhura kwenda Makunduchi, kwenye hewa, wakasema. Walipokuwa wanateremka, Zuhura alimnyanyua mtoto juu kabisa, kutoka mwisho wa ukumbi, ili mama yake amwone. Bi Ruzuna alipunga mkono ule mzima. Alikuwa akitabasamu, na aliendelea kutabasamu hata walipokwisha kupinda ngazi.

Ule mwaka alioishi baada ya kurudi, nimeufikiria sana. Bila ya Bombay asingeupata. Daktari Jayant alisema hivyo, na madaktari wa leo niliowauliza wamesema hivyo. Aliulipia kwa ngozi yake, kwa mkono wake, kwa kikohozi kikavu kilichomwanza baada ya miezi, ambacho nacho kilikuwa athari ya mashine. Sitaki kumdanganya mtu kwamba dawa ile ilikuwa ya bure. Lakini aliujua ugumu wake na aliukubali, na alichonunua kilikuwa ni muda wa kukaa na watu. Na sisi tukamwekea muda ule kabatini pamoja na chupa zake za marashi.

Maradhi yalirudi kwenye mifupa ya mgongo. Kwanza alisema godoro ni bovu, kisha akawa anashika mbao za kitanda. Daktari Jayant alikuja tena, akamchukua zahanati kumpiga picha, na safari hii hakuzungumza na ami, alizungumza na mwenyewe, nami nilikuwepo. Alimwambia kuponya haiwezekani tena, lakini mashine inaweza kuyatuliza maumivu ya mfupa, tena kwa siku chache tu. Ataandika Bombay, meli ipo. "Si lazima ufe na maumivu haya, mama," alisema.

Bi Ruzuna alimsikiliza mpaka mwisho. "Nikirudi," aliuliza, "watanitoa eda hii, au wataanza kuhesabu upya?"

Daktari alivitazama vidole vyake.

"Mtoto anaota meno," alisema Bi Ruzuna. "Wameleta salamu. Labda wamekaribia kuchoka kuogopa. Nikienda tena kwenye umeme, daktari, huyu mtoto ataolewa sijamshika. Wacha niumwe."

Nilimsihi. Ami alimsihi, akapiga magoti pembeni ya kitanda, na nilifikiri sasa atasema lile neno moja lililohitajiwa, atasema nitamleta mtoto kesho. Hakulisema. Alisema, "Tutaona, Ruzuna, tutaona itakavyokuwa." Alikuwa anampenda mkewe, na alikuwa na mjukuu mmoja tu. Aliumwa basi. Alikuwa mtu asiyepiga kelele, lakini nyumba nzima ilijifunza kutozungumza baada ya alasiri, saa ambazo dawa ya Daktari Jayant iliisha nguvu. Nilikuwa namlisha uji kwa kijiko. Alikuwa akiniomba nimfungulie chupa ya marashi, asijipake, anuse tu, nami nilikuwa nikimshikia chini ya pua mpaka alale.

Alifariki asubuhi, na Zuhura akaletwa kutoka Makunduchi kabla ya adhuhuri na Nasra kiunoni. Na sasa nafika pale ambapo sijawahi kupaelewa. Wanawake waliingia chumbani. Wote. Wale waliosita mlangoni mwaka mzima waliingia na ndoo na sabuni na kafuri, wakakunja mikono ya nguo. Bi Mkubwa, aliyeuliza nani kazihesabu, alikaa kichwani, akamwosha uso kwa viganja vyake vitupu, akampitisha vidole kwenye nywele. Bi Mize alimnyanyua mkono ule uliovimba, akauosha kwapa mpaka vidoleni, kwa upole, asije akamuumiza. Walisugua kifua kile cheusi. Walimpaka liwa, wakatia kafuri na marashi yale yale ya kabatini, wakafukiza udi mpaka ngazini, akanuka kama alivyokuwa. Nilisimama na kata ya maji mkononi nikawauliza umeme umekwenda wapi. Bi Mkubwa alinitazama, na sikuona jibu usoni mwake, niliona mwanamke mzee anayeanza kufahamu. Aliendelea kuosha. Zuhura aliomba apewe kifua, na alikiosha peke yake, mara nyingi kuliko inavyotakiwa, na hakuna aliyemwambia inatosha. Mtoto alikuwa amekaa mkekani, karibu na miguu ya bibi yake. Hakuna aliyemwondoa.

Hayo ndiyo niliyomwambia Nasra siku ile, kwa ufupi na kwa hasira, samaki akipoa. Nilimwambia: hakukupakata. Alitaka, na ungeweza kupakatwa, na usingepata lolote, na mama yako alilijua hilo tangu siku ya kuosha mpaka tulipomzika yeye mwaka jana, ndiyo maana hakukusimulia. Nasra hakulia. Aliangalia mikono yake. Kitukuu changu alikuwa amekwisha rudi, ameshika bangili, anaivuta, na safari hii mkono haukunyooka kumzuia, ingawa haukumshika pia. Ulibaki pale pale, umefunguka, mpaka mtoto mwenyewe akaupanda.

Tulikula sinia moja. Baadaye nilichukua ile sahani aliyokuja nayo, nikaiosha, nikaitia kabatini katikati ya zetu. Ni sahani nyeupe ya kawaida, ya dukani. Juzi Nasra aliponitembelea aliiulizia, nikafungua kabati, na sote wawili hatukuweza kuitambua ni ipi.